Altaneta za Mzee Titus

Titus Mghanga hakuwa na neno zuri kwa fundi yeyote wa Voi. Wale wa karibu na steji ya matatu aliwaita wafungua nati, kwa sababu, alisema, kufungua ndiko walikokujua, kufunga waliwaachia wenye magari. Wale wa kando ya reli aliwaita wauza vyuma. Na vijana waliotoka chuoni na mita zao za kupimia umeme, hao hata hakuwapa jina, aliwatazama tu kwa juu ya miwani mpaka wakasahau walichotaka kusema. Yeye alikuwa mkuu wa karakana katika shamba la mkonge mpaka alipostaafu, na kwa hesabu yake elimu ya magari iliondoka kazini siku ile ile aliyoondoka yeye.

Ajabu ni kwamba huyu mjuzi wa wajuzi alikuwa na gari moja tu duniani, na hilo gari halikuwa likimfikisha popote.

Lilikuwa gari la mbio la Kijapani la zamani, milango miwili, boneti ndefu, kiti cha nyuma cha kuwekea kofia na Biblia. Meneja mmoja wa shamba aliliacha limekufa kwenye banda la majani alipokuwa akirudi kwao, na Titus akalifufua kwa mikono yake. Ndilo lililompeleka Wakio, akiwa bibi harusi mpya, kupanda milima mpaka Mwanda kuonyeshwa kwa mama mkwe. Siku hiyo Wakio aliweka mkono wake nje ya dirisha njia nzima, na kila walipopita watu shambani alipunga kama mke wa gavana. Titus hajawahi kuisahau siku hiyo. Ukimsikia anavyolisifu gari lile, na injini yake, na mlio wake, jua kwamba anachosifu hasa ni mkono ule wa Wakio dirishani, ila hawezi kukwambia hivyo kwa sababu yeye ni mtu wa karakana.

Mwaka juzi aliamua kulipaka rangi upya. Nyekundu. Alilipaka lote, ndani ya boneti na pembe zake zote, hata pale ambapo waya mnene mweusi wa arthi unafungwa kutoka kwenye injini kuja kwenye bodi. Alifungua waya, akapaka, akafunga waya juu ya rangi. Kisha akampakia mkewe, wakaenda Mata kumwona Mable, dada yake Wakio, aliyeolewa huko karibu na mpaka.

Kurudi ndiko kulikowashinda. Walipofika katikati ya mbuga, jioni jua limeshaanza kuzama, taa zikaanza kuwa za manjano, kisha za kahawia, kisha hazikuwa taa tena, na gari likanyamaza. Tembo walivuka mbele yao bila haraka. Mmoja alisimama akanusa boneti nyekundu kwa muda mrefu. Wakio hakulia wala hakuomba kwa sauti. Alingoja mpaka lori la vitunguu kutoka Taveta lilipotokea, akapanda juu ya magunia na nguo yake ya kanisani, na akiwa huko juu akamwambia mumewe aliyesimama chini, "Baba Daisy, hilo gari lako sipandi tena. Siku hiyo taa ya betri kwenye dashibodi itakapozimika na ikae imezimika, uniambie. Lakini usiniambie kwa mdomo. Nionyeshe."

Tangu siku hiyo kila safari Wakio alipanda gari la Ben, mume wa binti yao Daisy, gari la kawaida la kubebea mizigo ambalo Titus alilidharau kuliko vyote kwa sababu halikuwahi kuharibika.

Sasa, Titus alipima kosa la gari lake kwa njia aliyoijua. Njia hii alifundishwa na msimamizi wake wa kwanza pale shambani, naye akawafundisha wote waliokuja nyuma yake. Unawasha gari, unalikanyagia moto kidogo, kisha unachukua spana unafungua taminali ya betri, kile kibano cha waya, na kuing'oa injini ikiwa inaenda. Injini ikizima, altaneta, yaani chombo kinachochaji betri, kimekufa. Ikiendelea, kizima. Haihitaji mita, wala shule, wala umeme wa mtu. Titus aliifanya kwa madaha, akiinua taminali juu kidogo kama mganga anayeonyesha kitu alichokitoa tumboni mwa mgonjwa.

Alipofanya hivyo mara ya kwanza, injini iliendelea vizuri. Akarudisha taminali, akaridhika. Kesho yake taa ya betri ikawaka, na alipong'oa taminali tena, injini ikazima papo hapo. "Altaneta imekufa," akasema, na akajisifu kwa kuigundua.

Akaenda kwa Nzomo.

Nzomo alikuwa Mkamba mpole mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta, mtu wa kuongea na waya zaidi ya watu. Alilichungulia gari, akaona waya wa arthi umekalia rangi, akasema ikwaruzwe kidogo pale chuma kiguse chuma. Titus akamwambia hakuna mtu atakayeikwaruza rangi yake akiwa hai. Nzomo hakubishana. Alitafuta waya mwingine, akautoa kwenye injini akaufunga kwenye bodi mahali ambapo rangi haikufika, kisha akaweka altaneta nyingine, nzuri, iliyotoka kwenye gari lililogonga ng'ombe.

Gari likawaka, taa ya betri ikazima. Watu kadhaa walikuwa wanangoja magari yao pale. Titus akatoa spana mfukoni.

"Mzee, hiyo usifanye," Nzomo alisema.

"Wewe funga mdomo ufundishwe kazi."

Akang'oa taminali. Injini haikuzima, na taa kubwa za mbele, ambazo alikuwa ameziwasha makusudi, ziliruka ghafla zikawa nyeupe kali hata mchana ule watu wakakunja macho. "Mnaona?" akawauliza. "Mnaona zinavyong'aa? Hiyo ndiyo altaneta." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alipiga makofi.

Hakufika mbali. Taa ya betri ilikuwa imewaka tena kabla hajamaliza wiki. Akairudisha altaneta, akaibwaga miguuni mwa Nzomo, akasema ameuziwa chuma cha kupimia uzito wa nyanya. Nzomo akamwekea nyingine. Titus akatoa spana. Taa zikang'aa, watu wakakunja macho, na siku chache baadaye altaneta ile nayo ikafa.

Hapo ndipo Titus alipofanya lile ambalo Wakio hakulipenda hata kidogo. Titus ni mzee wa kanisa. Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya harambee ya mabati na kikao cha akina mama, aliinuka akaomba dakika moja. Akasema anasema kwa upendo. Akasema wapendwa wawe macho, kuna fundi mmoja hapa mjini anayeweka spea feki ndani ya magari ya watumishi wa Mungu, hatamtaja jina ila gereji yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Nzomo alikuwa amekaa safu ya nne na mkewe Koki. Watu waligeuka kumtazama mmoja baada ya mwingine, polepole, wakijifanya wanatafuta watoto wao.

Kwa upendo huo, gereji ya Nzomo haikumaliza msimu. Magari yaliyozoea kwenda kwake yaliacha. Mwishowe akafunga, akahamia Mraru kwenye barabara ya Taveta, akafungua kibanda cha kuziba pancha za bodaboda. Titus aliposikia alisema, "Afadhali. Pancha haina waya." Akacheka peke yake.

Zile altaneta zilizokufa hakuzitupa. Ile ya asili na ile ya kwanza ya Nzomo, aliyoiokota tena pale gerejini, alizitia kwenye buti zikiwa zimefungwa gunia. Aliziita ushahidi.

Mable alipomaliza nyumba yake mpya kule Mata, akaita ndugu wote kwa ibada ya shukrani. Titus alimtazama mkewe akipiga pasi kitenge cha safari na roho yake ikamuuma. Aliona wazi itakavyokuwa: Wakio ndani ya gari la Ben akicheka na wajukuu, na yeye nyuma peke yake, ama asiende kabisa. Na akifika, Kilonzo, mume wa Mable, mwanyumba wake, atatoka na vijana wa pale kumsukuma kutoka getini mpaka kivulini kama walivyozoea kila lilipomzimikia hapo. Walishapangana kabisa nani anashika wapi.

"Mama Daisy," alisema, "nikilitengeneza kabla ya Jumamosi, utapanda?"

Wakio aliendelea na pasi. "Nilishakwambia. Nionyeshe."

Fundi aliyebaki ambaye Titus hakuwa amemtukana alikuwa mmoja tu, na sababu ya kutomtukana ni kwamba alikuwa mwanamke na hakumhesabu kuwa fundi. Kathini alikuwa na gereji ya umeme wa magari ukitoka mjini kuelekea njia ya Taveta, na mdomo wake ulijulikana kuliko kazi yake. Titus alifika akivutwa na kamba. Wakio alikuja naye makusudi, akakaa kwenye benchi na mahindi ya kuchoma. Alikuja kuona kwa macho yake.

Kathini alizunguka gari lile akifuta mikono. "Hili gari zuri limepata mwenyewe mbaya," alisema.

"Wewe angalia altaneta," Titus alisema. "Ama wewe ulisomea kuongea?"

"Mzee, hapa mtu akishaniambia kile kimeharibika, mimi humwambia akitengeneze mwenyewe. Kaa kando."

Alianza na betri. Akaichaji, akaipima, akasema haina makosa. Akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Alipofika kwenye ule waya wa arthi ulioongezwa, akasimama, akauvuta kidogo, akaangalia ulikofungwa.

"Hii nani ameweka?"

"Tapeli mmoja alikuwa hapa mjini. Sasa anaziba pancha."

"Hmm. Tapeli anayejua. Huyu aliona bodi na injini hazishikani kwa sababu ya hii rangi yako ya lipstiki. Bila huu waya betri yako ilikuwa inakufa njaa na chakula kiko jikoni."

Wakio aliacha kutafuna.

Kathini akaifungua altaneta iliyokuwa garini, ile ya pili ya Nzomo, akaitoa matumbo juu ya meza. Dayodi zilikuwa zimeungua, nyeusi, zinanuka. "Kuna ingine?" Titus akaleta gunia lake kwa fahari, sasa ushahidi umepata hakimu. Kathini akafungua ya kwanza ya Nzomo. Imeungua vile vile. Akafungua ile ya asili ya gari, iliyotoka Japani kabla yeye hajazaliwa. Imeungua vile vile. Akazipanga juu ya meza, akazitazama muda.

"Tapeli anaweza kuuza mbovu," alisema. "Lakini hii ya asili haikuuzwa na mtu. Na zote zimeuawa na mtu mmoja."

"Ndiyo nimekuambia. Nzomo."

Kathini aligeukia gari. Aliweka altaneta yake, akawasha gari, akabandika mita kwenye betri akamwita Wakio aje aone yeye, si Titus. Mita ilisimama kwenye volti kumi na nne na kidogo. Akawasha taa, feni, wipa, na mita ikayumba ikarudi pale pale. Taa ya betri kwenye dashibodi ilizima. Wakio aliinama dirishani kuitazama, na Titus alimwona akitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lakini alikuwa hajaliona upande ule wa gari kwa muda mrefu, na moyo wake ukamjaa mpaka akahitaji kufanya kitu na mikono.

Kathini alikwenda kunawa. Titus akatoa spana mfukoni. Alikuwa ameshalegeza nati, na taminali imeshaanza kuinuka, Kathini alipomdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakuzitarajia.

"Wewe mzee. Toa mkono hapo."

"Nahakikisha kazi yako."

"Unahakikisha?" Aliisukuma taminali chini akaifunga. Hakuwa anapiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kumbe ni wewe. Nimekuwa nikijiuliza ni nani anaua hizi vitu. Sikiliza. Altaneta inatoa moto wa umeme, betri inaupokea. Ukiing'oa betri injini ikienda, ule moto wote hauna pa kwenda. Unapanda ghafla, unarudi kuunguza ndani. Taa hazikuwa zinang'aa sana ukifanya hivyo?"

"Zinang'aa," Titus alisema. "Ndiyo dalili ya—"

"Ndiyo dalili unaiua. Kila mara uliyoona zinang'aa, ulikuwa unaichinja. Nyingine inakufa hapo hapo, nyingine inajikokota siku mbili tatu."

Titus alivuta pumzi akajipanga kama alivyokuwa akijipanga mbele ya vibarua. "Mama, hii kazi nimeifanya kwa malori ya mkonge tangu hujui kutembea. Nilikuwa nang'oa taminali kila asubuhi, lori moja baada ya lingine, na hakuna lililoungua. Na hakuna hata moja lililozima. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu yalitunzwa."

"Yalikuwa ya dainamo, si altaneta?"

"Dainamo, ndiyo."

"Na dizeli?"

"Dizeli. Yote."

Kathini akamtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee. Dizeli ya zamani ikishawaka haiombi betri ruhusa. Ungeing'oa betri, ukaibeba ukaenda nayo nyumbani kunywa chai, lori bado lingeenda Mombasa. Hata dainamo ikiwa imekufa. Wewe ulikuwa unapima nini miaka yote hiyo?"

Titus aliitazama spana mkononi mwake. Aliyaona yale malori yamepangwa asubuhi, yeye na spana yake, vibarua wakimtazama kwa heshima. Aliona hawakuwa wakitazama chochote. Alipima lori zima na lori bovu na yote yakampa jibu moja, na kwa jibu hilo alikuwa amewafukuza kazi watu wawili waliodai dainamo ni mbovu. Uso wake ulipata moto. Alitamani huyu mwanamke aanguke mahali fulani, hata kama ni kwenye shimo dogo tu.

Wakio alifuta mikono kwa leso yake. "Kwa hivyo Nzomo hakuweka feki," alimuuliza Kathini.

"Huyo aliyefunga waya wa arthi? Huyo alikuwa amelimaliza hili gari siku ya kwanza. Mimi sijafanya kitu hapa ila kumzuia mzee wako asiliguse."

Wakio alimgeukia mumewe. Njia yote ya nyumbani alitazama nje ya dirisha, na Titus, aliyekuwa akiendesha gari zima na mkewe kando yake kwa mara ya kwanza tangu tembo, hakupata ladha yake.

Jumamosi asubuhi Ben alikuja na Daisy na watoto. Wakio alitoka na kitenge chake na kapu la ndizi, akalipita gari la Ben, akaenda kusimama kwenye mlango wa lile jekundu. Watoto walishangaa. Ben aliguna kwa furaha akasema atawafuata nyuma.

"Ninapanda," Wakio alimwambia Titus kwa sauti ya chini, "lakini Mraru tunasimama. Utamwambia Nzomo mwenyewe, kwa mdomo wako. Kanisani tutapanga Jumapili."

"Nitamwambia."

"Sema unavyosema kwenye matangazo. Dakika moja tu."

"Mama Daisy, nimesema nitamwambia."

Na alikusudia, tusimwonee. Kutoka Voi barabara ilikuwa wazi, injini inavuma vizuri kama siku ile ya Mwanda, na Wakio aliteremsha kioo. Hakuweka mkono nje, lakini aliuweka ukingoni, karibu kabisa. Titus aliwasha taa zote mchana kweupe ili tu aone kwamba ile ya betri haiwaki, na kichwani alikuwa akitafuta maneno. Nzomo, kulikuwa na kutoelewana. Hapana. Nzomo, mambo ya umeme ni magumu. Nzomo, hata wewe ungenieleza vizuri. Kila aliloshika lilikuwa linaishia kumlaumu Nzomo kidogo, na kila alipotoa ile lawama hapakubaki kitu cha kusema ila kile kitu chenyewe, ambacho kilikuwa kifupi sana.

Kibanda cha Nzomo kilikuwa kimetundikwa tairi bovu mbele kama ishara. Titus akasimama. Nzomo alitoka akiwa amekonda, ovaroli limefifia, akaliona gari, akasita. Kisha akaja, kwa sababu ni kazi.

"Habari, mzee. Habari, mama. Ni pancha?"

Wakio alimtazama Titus. Waendesha bodaboda wawili walikuwa wamekaa kivulini wanangoja tairi zao, na mmoja alikuwa wa kanisani kwao. Titus alimwona huyo kijana. Alifungua mdomo.

"Nipimie presha," alisema.

Nzomo akachukua pampu na kipimo. Alichuchumaa kwenye tairi la kwanza, akapima, akaongeza. Akaenda la pili. Alikwenda la tatu na la nne, na kila mara aliposimama alingoja kidogo, kana kwamba mtu mwenye gari ana jambo jingine, kisha akachuchumaa tena. Titus alishika usukani. Alipomaliza, Nzomo alikuja dirishani.

"Ziko sawa. Gari linachaji sasa?"

Aliuliza bila hila, kama fundi anavyoulizia gari alilowahi kulishika.

"Linajaribu," Titus alisema.

Wakio alifungua mlango wake. Alishuka taratibu, akatoa kapu la ndizi kiti cha nyuma, akaufunga mlango bila kuubamiza. Alizunguka mpaka upande wa mumewe.

"Mimi sitakusemea," alisema. "Enda. Ben anakuja nyuma."

"Mama Daisy, panda gari. Watu wanaangalia."

"Kanisani walimwangalia Nzomo pia."

Alienda akakaa kwenye benchi la bodaboda, akaweka kapu magotini. Nzomo alisimama katikati na pampu yake, hajui kilichotokea mbele ya kibanda chake. Titus alingoja akitumaini atarudi. Alipoona gari la Ben linatokea kwenye kona, akaingiza gia akaondoka kabla halijafika.

Lilikwenda. Huwezi kulisingizia gari lile siku hiyo. Lilipanda, likashuka, likapita mbuga yote na mahali pale pa tembo bila kukohoa, na Titus alilikanyaga kuliko ilivyomfaa mzee wa kanisa, ndipo akafika Mata mbele ya kila mtu. Akasimama getini, akazima injini, akafuta uso.

Mable alikuja mbio amevaa aproni, moja kwa moja mpaka mlango wa kushoto, akaufungua mikono ikiwa tayari imenyooshwa. Kiti kilikuwa kitupu.

"Shemeji, dada yangu yuko wapi?"

Kilonzo na vijana walikuwa wameshafika. Wageni kwenye viti vya hema waligeuza shingo. Titus aliangalia zile nyuso, na jibu likaja bila kuitwa, rahisi, kwa sauti ile ile ya miaka yote.

"Nimemwambia aje na Ben. Gari limenisumbua njia nzima, singeweza kumlaza tena porini." Akatikisa kichwa. "Mafundi wa Voi, shemeji. Safari hii nikampa mwanamke alitengeneze."

Kilonzo alicheka, akampiga bega kwa kumwonea huruma. "Usijitese hata kuliwasha, mwanyumba. Tunajua kazi yetu." Akawapigia vijana mluzi.

Titus alitaka kusema litawaka. Funguo zilikuwa mkononi, angezungusha mara moja tu. Lakini alikuwa ameshasema alichosema, na vijana walikuwa wameshashika mahali pao, wawili kwenye buti, mmoja kila ubavu. Aliweka gia huru. Gari likaanza kwenda polepole kupanda ua, na lilipofika katikati ya njia, gari la Ben likatokea getini likalazimika kusimama nyuma yao kungoja njia. Wakio alikuwa kiti cha mbele. Kioo chake kilikuwa chini, na kwenye kioo cha kati Titus alimwona anamsikiliza kijana aliyempisha getini akimweleza gari lilivyomsumbua mzee njia nzima, huku akitazama gari jekundu linavyosukumwa.

"Huyo mwanamke alikuweza, ee?" Kilonzo alimuuliza kwa dirisha, akihema.

Titus alikaza mikono kwenye usukani.

"Sukumeni tu," akasema.